Mkwe wa Mlangoni

Watu wa Lubumbashi wakimtaja Daktari Numbi hushusha sauti, kama wanaopita mbele ya altare. Mimi sishushi. Mimi ni Musonda, mdogo wa kike wa mke wake, nafundisha shule ya msingi huko Katuba, na nimemwona bwana huyu akila bukari, ugali wetu, kwa uma na kisu. Namheshimu, msinielewe vibaya. Kazi aliyoifanya hapa kwetu sijamwona mwingine aliyeifanya. Lakini nikisikia watu wakimsifu bila kujua yaliyotupata, uso wangu huwaka moto, na sijui kama ni kwa ajili yake, kwa ajili ya mama, au kwa ajili yetu sote tuliokaa kimya.

Alizaliwa Kamina, mtoto wa fundi wa reli. Baba yake alikuwa Mluba wa kaskazini, Mkatoliki wa rozari kila jioni, na mapadre walipoona mtoto anashika Kilatini upesi wakamchukua wakamsomesha. Akasomea udaktari Kinshasa, kisha akapelekwa Ubelgiji akakaa huko miaka. Jina lake la ubatizo ni Faustin, lakini serikali ilipotukataza majina ya Kizungu akawa Citoyen Numbi kwenye karatasi zote, na Faustin akabaki wa nyumbani. Huko Ubelgiji ndiko alikoshikwa na jambo lililomkaa kichwani maisha yake yote, yaani saratani ya ovari, ile mifuko midogo ya mayai iliyo ndani ya tumbo la mwanamke.

Alitueleza mara nyingi, hata pale ambapo hatukumwuliza, hata mezani. Ovari zimejificha ndani sana, alisema, na uvimbe wake hauumi mapema. Mwanamke hupika, hubeba maji, huenda shamba, huku kitu kinakua. Siku tumbo linapojaa maji na kumleta hospitali, daktari hana la kufanya ila kuyatoa yale maji na kungoja mwisho. Wazungu wenyewe walikuwa hawajapata njia ya kuugundua ugonjwa huo mapema. Numbi akajiapiza kuitafuta njia hiyo hapa kwetu, kati ya wake wa wafanyakazi wa shaba.

Akarudi na mashine ya eko, ile inayoona ndani ya tumbo bila kupasua, akapewa chumba cha maabara na Land Rover yenye dereva. Alizunguka kambi za wafanyakazi akichukua damu ya akina mama, akaigandisha katika vichupa ili ipelekwe kwa ndege kwa wenzake wa Ubelgiji. Umeme ulipokatika alikimbilia kwa Mgiriki mmoja mwenye friza kubwa mjini, akampigia magoti, na damu ya wake wa wachimbaji ikalala kando ya samaki wa tomsoni. Dada yangu Annie, mke wake, alikataa kula tomsoni mwaka mzima.

Lakini werevu wake mkubwa haukuwa kwenye mashine. Eko moja haiwezi kumtazama kila mwanamke wa mkoa wa Shaba, ilibidi ajue nani wa kuanza naye. Ukimwuliza mama wa kambini kama tumbo lake limekua, atakujibu halijakua, kwa sababu ya haya. Basi Numbi akaacha kuuliza habari za tumbo, akauliza habari za kikwembe, ile nguo ya kitenge wanayojifunga kiunoni. "Mama, kikwembe yako ingali inafika vile ilikuwa inafika mwaka jana?" Mwanamke hajui upana wa kiuno chake, lakini anajua vizuri siku ncha ya nguo ilipokataa kuzunguka na kuchomekwa, na hapo hujibu bila kufikiri. Wale ambao nguo haiwafiki tena, na hawana mimba, ndio aliowaweka kwenye eko. Hivyo akawapata wanawake kadhaa uvimbe ungali kama chungwa, wakapasuliwa, wakapona. Mmoja alimletea mbuzi wa shukrani, akamfunga kwenye mlango wa maabara, na mbuzi akala pazia. Tulijivuna naye, kwa nini niseme uongo? Mama alijivuna kuliko sisi wote, ingawa yeye na mkwe wake walikuwa hawajawahi kutazamana usoni.

Hapo ndipo penye kisa chenyewe. Mama yetu, Mama Chileshe, ni Mbemba wa upande wa Sakania, na kwetu mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja hupisha. Haya hiyo si ya maisha. Mkwe akionekana kuwa mtu mwema, siku moja ukoo wa mke humpikia vyungu vya kila chakula. Wanawake huvibeba vichwani wakiimba mpaka nyumbani kwake, naye huketi chini kwenye mkeka, vyungu vikafunuliwa mbele yake kimoja kimoja, kila kimoja na fundisho lake. Akishakula mbele ya mama mkwe, ameingia. Tangu siku hiyo ni mtoto wake, anaweza hata kumbeba mgongoni akiugua. Asipoingizwa, anabaki mkwe wa mlangoni.

Mama alimpikia Numbi. Alipika kwa siku mbili, kuku, samaki, majani ya karanga, maharagwe, na mtungi wa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, uliochachuka vizuri. Shangazi zetu walikuja kutoka Kasumbalesa. Asubuhi hiyo wanawake walikuwa wamesimama uani Katuba, vitambaa vipya kichwani, wanakaribia kuinua vyungu, mtaa wote umetoka kuangalia. Ikaja Land Rover. Dereva akashuka, akasalimia kwa adabu, akasema ametumwa na daktari kuchukua chakula, maana kutoka Katuba mpaka kwake karibu na hoteli ya Karavia ni mbali kwa wazee, basi akina mama wapumzike.

Numbi alidhani anawahurumia. Hata leo naamini hivyo, na ndiyo maana inaniuma zaidi. Siku hiyo alikuwa na wageni wa Kibelgiji maabarani. Vyungu vikapelekwa huko, vikafunuliwa na nani sijui, na Wazungu wakala wamesimama kati ya hadubini, wakisifu kuku. Jioni dereva akavirudisha vyungu vimeoshwa vinang'aa, pamoja na mfuko wa sukari na salamu za asante.

Mama aliupokea ule mfuko. Shangazi mmoja akaanza kutukana, mama akamwambia anyamaze, hakuna kilichotokea. Mama Kasonde, jirani yetu mwenye mdomo usiolala, alikuwa amesimama kwenye ua wake, ameona yote. Mama akaingia ndani. Hakulitaja jambo hilo tena, na sisi watoto wake tukaona ni vizuri kutolitaja. Kwetu ukimya ukikaa muda mrefu huitwa amani.

Ikapita miaka. Kisha, karibu na Noeli moja, nikaona mama anavaa blauzi pana ambazo hakuzipenda, na kikwembe anakifunga juu, chini ya kifua, kwa kamba. Nikamwuliza. Akasema ni gesi, ni maharagwe. Baada ya wiki chache akaacha kwenda misa, yeye aliyekuwa akiongoza rozari ya akina mama wajane. Nikajua kwa nini siku niliposikia vicheko bombani. Mama Kasonde alikuwa amewaambia watu kwamba mjane amepata mimba, na kwamba baba wa mtoto atajulikana mtoto akifanana naye.

Mama alimwendea daktari mmoja kijana katika zahanati ndogo, akapewa dawa ya minyoo, kisha dawa ya amiba. Mara ya tatu yule kijana akamgusa tumbo, akamwambia, "Mama, muende kwa Docteur Numbi. Mu mji muzima, ile maneno njo yeye anaijua." Mama akarudi nyumbani, akakaa kitandani, akanisimulia huku anacheka, lakini macho hayakucheka.

"Unaona, Musonda? Mungu iko na michezo."

"Mama, twende. Annie atamwambia polepole."

"Nitavua nguo mbele ya mukwe? Mukwe mwenye hayaingia bado mu nyumba yangu? Heri baseme iko mimba." Kisha akanishika mkono kwa nguvu. "Ukimwambia, sitakula tena bukari ya mikono yako."

Methali inasema mficha uchi hazai. Mama alikuwa amekwisha kuzaa watoto saba, hakuona sababu ya kuacha kuficha. Na mimi, mwalimu, ninayewachapa watoto wa watu kwa kutosema kweli, nikanyamaza. Annie alipotutembelea, mama alikaa nyuma ya meza na hakuinuka mpaka dada alipoondoka.

Pasaka ilikuwa imepita Numbi aliporudi kutoka kongamano Brussels. Walimpigia makofi huko, akafanya karamu nyumbani, maprofesa na wake zao, suti za abakosti na mvinyo. Nilikwenda kumsaidia Annie kugawa vyakula. Numbi akasimama katikati ya sebule, uso unang'aa, akisimulia jinsi Wazungu walivyomwuliza kwa nini wanawake wetu wengi bado wanachelewa kuja.

"Shida yetu haiko mashine," alisema. "Ni bujinga. L'ignorance! Tunabatafuta, bo banajificha. Mwanamuke anakufa juu ya bujinga tu."

Nikaweka sinia chini. Sijui ujasiri ulitoka wapi, labda ni hasira tu.

"Beau-frère," nikamwambia shemeji yangu, "kule Katuba iko mama moja. Kikwembe yake haifike tena tangu Noël. Haiko na mimba, bwana yake alikufaka zamani."

Akanigeukia mara moja, macho yamewaka. Ndivyo alivyo, kwa kazi yake hakuna mgeni wala mvinyo. "Juu ya nini haukumuleta? Kesho asubui minamutia ku eko."

"Hawezi kukuya. Anaogopa mukwe wake atamuona."

Akacheka, na wageni wakacheka pamoja naye. "Munaona? Shi njo ile minasema? Huyu mukwe ni mujinga gani, hamuruhusu mama ya watu kupona?"

"Njo weye mwenyewe."

Kicheko kilikatika. Annie akasema, "Mama?" kisha akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu. Numbi alibaki na glasi mkononi, akanitazama mimi, akamtazama mke wake, akatazama wageni wake waliokuwa wanatafuta pa kuweka macho yao. Nilitaka aaibike, nilikuwa nimetaka hivyo muda mrefu. Sasa ameaibika mbele yangu na sikupata raha yoyote.

Tukaondoka saa hiyo hiyo kwenda Katuba. Mama aliposikia mlio wa gari akaingia chumbani akafunga mlango. Mjomba Mulenga, kaka wa mama, alikuwa amekaa uani. Akainuka, akasimama mbele ya Numbi na fimbo yake.

"Docteur, miguu polepole. Ile mulango, huwezi kuingia."

"Mjomba, Mama iko na ugonjwa. Ile ugonjwa haingojee."

"Yeye anajua. Lakini utamugusa namna gani? Ulitumaka chauffeur na Land Rover."

"Chauffeur gani?" akauliza Numbi.

Alikuwa amesahau. Sisi tulikuwa tumeibeba aibu ile miaka yote, mama ameilalia na kuamka nayo, na yeye hakumbuki hata kwamba palikuwa na vyungu. Wanasema asiyejua maana haambiwi maana, lakini siku hiyo aliambiwa. Mjomba Mulenga alimweleza polepole, kwa sauti ya chini, kama anavyoelezwa mtoto, na kabla hajamaliza Numbi alikuwa ameketi mavumbini na suti yake ya karamu.

"Nilizani minabasaidia," akasema. "Mungu wangu. Nilizani minabasaidia."

Kisha akainua sauti kuelekea mlango uliofungwa. "Mama, munisamehe. Munipige amende, faini yoyote, nitalipa. Lakini muache niwapime leo. Leo, Mama."

Sauti ya mama ikatoka, lakini ilisema na mimi, si naye. "Musonda, umwambie yule bwana, nyungu zangu nilizipika, zikarudi zimeoshwa. Nitapika tena. Atakula mbele yangu. Nyuma ya pale, afanye kazi yake."

Annie alilia akimsihi, Numbi alisema siku ni nyingi, uvimbe haujui desturi. Mama hakubadilika. Alisema munkoyo haunywewi kabla ya kuchachuka, hata mtu mwenye diploma anajua. Mkaidi? Ndiyo, alikuwa mkaidi, na nilimkasirikia hadi nikatoka nje nisije nikamtukana. Lakini hicho ndicho alichokuwa amebaki nacho. Kama angevuliwa nguo na mkwe wa mlangoni, ugonjwa ungepona labda, na yeye angekufa kwa haya.

Alipika mwenyewe, ameketi kwenye kigoda, tumbo limelala mapajani. Shangazi walikuja tena. Safari hii hatukuimba kwa nguvu. Mama tulimpeleka kwa taksi, sisi wengine tukatembea na vyungu kichwani, na Numbi tukamkuta amekaa kwenye mkeka tangu asubuhi, hana viatu. Vyungu vikafunuliwa kimoja kimoja mbele yake. Alisikiliza kila fundisho ameinamisha kichwa, akala kwa mkono, akanywa munkoyo. Mama akavutiwa kiti akaketi mbele yake, na kwa mara ya kwanza wakatazamana. Hakuna aliyepiga vigelegele mpaka mama mwenyewe alipoanza, kwa sauti nyembamba iliyokatika katikati.

Baada ya hapo wakaingia chumbani, mimi na Annie tukiwa pembeni. Mama alijifunika uso wote kwa kikwembe. Numbi, aliyetazama matumbo ya wanawake wa kambi zote, hakuthubutu kulitazama hili moja. Aligeuza kichwa, akalipima kwa vidole tu, macho yake ukutani. Vidole vilikwenda, vikarudi, vikasimama. Akamfunika vizuri, akatoka, akaketi kwenye ngazi ya nyuma. Nilimfuata nikamwona anajitazama mikono.

Eko ilikuja kusema kile kile. Walimpasua, wakakuta ugonjwa umetapakaa, wakafunga. Alipopata nguvu ya kukaa kitandani, mama akamwita Numbi mbele yetu sote.

"Kama ningekuya pa Noël?"

Angeweza kumdanganya, na mimi nilimwomba kimoyomoyo amdanganye. "Labda tungeitoa yote, Mama," akasema.

"Na kama ningekuwa mama yako tangu ile siku ya chauffeur?"

Numbi akaivuta shuka, akamfunika miguu. Mama akatikisa kichwa, si kwa hasira, kama mtu aliyethibitisha alichokijua. Akasema dawa kali hazitaki, anataka kitu kimoja tu, apelekwe misa.

Tulikwenda Jumapili iliyofuata. Tumbo lilikuwa limejaa maji tena na mama hakuvaa blauzi pana. Alivaa ile nyekundu ya sikukuu, ikambana, akapita katikati ya kanisa ameshika mkono wa mkwe wake. Minong'ono ilitufuata benchi hadi benchi. Wakati wa matangazo Numbi akamwomba padre ruhusa, akasimama mbele. Mtu huyu alikuwa amehutubia maprofesa wa Brussels bila karatasi. Mbele ya akina mama wa Katuba alianza mara mbili kabla ya kulipata neno.

"Huyu mama haiko na mimba," akasema. "Iko na kansere. Ni ile kansere mie minatafuta mu kambi zote, minabaambia bantu bakuye mapema. Nilisema banachelewa juu ya bujinga. Yeye hakukuwa mujinga. Alipika chakula ya kuniingiza, mie nikatuma chauffeur. Njo maana hakuweza kukuya kwangu. Ile haya ni yangu, haiko yake. Mukitaka kusema, museme mie."

Alilia pale mbele, mwanamume mzima, daktari, machozi na kamasi, na hakuwa na leso. Hakuna aliyesogea. Mama Kasonde alikuwa benchi la pili, ameinamisha uso hadi magotini.

Mama akainuka. Nilitaka kumsaidia, akanisukuma. Alikwenda mpaka mbele, hatua ndogo ndogo, amelishika tumbo kwa mkono mmoja. Alipomfikia akafungua kitambaa cha kichwa chake, akamfuta uso nacho. Nywele zake zikabaki wazi, nyeupe, chache, mbele ya mkwe na mbele ya parokia nzima, na wanawake wakavuta pumzi kwa pamoja. Annie akakimbia na kitambaa chake ili amfunike.

"Acha," mama akasema. "Baniangalie. Nimechoka kujificha."

Padre alikuwa bado hajatoa baraka. Hatukuingoja. Tulitoka hivyo hivyo, mama kichwa wazi na tumbo mbele, na watu wakasimama benchi baada ya benchi kutupisha njia.